Pua Ishirini na Tatu

Genoveva Kemilembe alikuwa akifika ofisini saa mbili na nusu asubuhi. Anavua viatu vya barabarani, anavaa kandambili zinazokaa chini ya meza, anachemsha maji ya chai, kisha anafungua picha. Ofisi ya shirika la uhifadhi lililomwajiri ilikuwa ghorofa ya tatu huko Shaw, Washington, juu ya mgahawa wa Wahabeshi, na ikifika saa nne harufu ya kahawa inayokaangwa ilipanda kwenye ngazi ikaingia mpaka kwenye makabati ya mafaili.

Picha zilitoka Hifadhi ya Nyabiremu, mashariki mwa Kongo, kwenye kamera kumi na mbili zilizofungwa mitini. Kamera hizo zilipiga kila kilichopita mbele yake: nguruwe mwitu, tawi lililotikiswa na upepo, mara nyingine makalio ya askari wa hifadhi aliyeinama kufunga kiatu. Kazi ya Genoveva ilikuwa kuwatafuta gorila humo ndani na kusema ni nani na nani. Gorila hutambuliwa kwa pua. Juu ya matundu ya pua kuna mikunjo, na mikunjo hiyo haifanani kwa gorila wawili, kama alama za vidole vya watu. Genoveva alikuwa amechora pua ya kila mmoja kwenye kadi. Kadi zilikuwa ishirini na tatu, na gorila waliobaki Nyabiremu walikuwa ishirini na watatu.

Aliifanya kazi hiyo miaka kumi na mmoja bila kumwona hata mmoja ana kwa ana. Aliwajua kama mke wa ughaibuni anavyoujua ukoo wa mumewe kwa picha za harusi: huyu mkorofi, huyu mpole, huyu kamzaa yule.

Jumamosi moja ya Aprili alishuka na kapu la nguo mpaka chumba cha kufulia cha jengo analoishi, Bladensburg, jimbo la Maryland. Kwenye benchi, katikati ya mashine mbili za kukaushia, alikaa gorila jike amejifunika blanketi lililokuwa bado na joto. Genoveva alimtazama pua. Mikunjo miwili kushoto, mmoja kulia uliopinda kama ndoana. Alikuwa namba tisa, Kaniki.

Genoveva alitia nguo mashineni, akapima sabuni, akawasha. Ndipo akamsalimia. Kaniki akatoa mguno wa chini, wa taratibu, ambao Genoveva alikuwa ameusoma vitabuni tu kwamba ni mguno wa gorila aliyetulia.

Aliyeingia baada yao alikuwa Nkatha, Mkenya wa Meru, jirani wa mlango wa pili, anayefanya kazi ya kutunza wazee kwenye makao ya wazee. Alikuwa ametoka zamu ya muda wa saa kumi na mbili na macho yake yalikuwa mekundu. Alimwangalia Kaniki, akaangalia mashine, akasema, "Hiyo blanketi ni yangu." Kisha akaketi kwenye benchi pembeni ya Kaniki kumngoja amalize, na usingizi ukamchukua palepale, kichwa kikaegemea bega la gorila.

Jioni Genoveva alimpigia simu Papa Mushagalusa, mkuu wa askari wa Nyabiremu. Walikuwa wanazungumza kila wiki kwa miaka yote hiyo. Yeye ndiye aliyekuwa akibadilisha betri za kamera, na ndiye aliyewapa gorila majina. Genoveva alimuuliza kama amemwona Kaniki siku za karibuni.

"Maman Geneviève, ile muti ya kamera ya saba haiko tena," alisema. "Banaikata na mashini siku ya ine. Kamera iko kwangu, naitundika ku musumari. Inapiga bibi yangu akipika fufu."

Genoveva akamwambia kwamba Kaniki yuko kwake, chumba cha kufulia.

Nyuma ya Papa Mushagalusa ulisikika mngurumo kama wa lori lisilofika mwisho wa safari. "Iko na afya?" akauliza.

"Ana afya. Amekonda kidogo."

"Atakonda, Maman. Huku hakuna tena kitu ya kukula."

Siku ya Jumatatu msimamizi wa jengo alikuja kuzungumzia jambo hilo. Aliitwa Khalfan, mtu wa Unguja, mwenye funguo nyingi kiunoni na heshima ya kubisha hodi mara tatu. Alikuwa amekuja na mkataba wa upangaji. Alivaa miwani akausoma wote, amesimama mlangoni. Mkataba ulikataza mbwa wakali, nyoka wa aina yoyote, na kuchoma nyama kwenye roshani.

"Bi Genoveva, mie siwezi kusoma kisichoandikwa," alisema. "Ila namuomba asichome nyama rosheni."

Genoveva alimhakikishia kwamba gorila hali nyama. Khalfan alikunja mkataba, akashukuru, akaenda zake.

Wengine walifuata. Kufikia Juni walikuwa kumi na sita. Namba nne na mwanawe walikutwa asubuhi kwenye kituo cha basi, wamekaa kimya kama watu wanaojua kwamba basi litachelewa. Namba kumi na tisa alitokea upande wa mto Anacostia, miguu imejaa matope. Bulungu mwenyewe, dume kubwa lenye mgongo mweupe, kiongozi wa familia yote, aliwasili kwa treni ya mstari wa kijani akashuka West Hyattsville saa kumi na moja jioni pamoja na watu wanaotoka kazini. Ndani ya treni za Washington watu hawaangaliani. Mama mmoja aliondoa mkoba wake kwenye kiti ili kumpisha, na alipoona hakitoshi akainuka, akampa na cha kwake, bila kuacha kusoma simu.

Majirani waliwaletea ndizi. Genoveva ilibidi apite mlango kwa mlango kueleza kwamba gorila wa Nyabiremu hawajawahi kuona ndizi za dukani na zinawaharisha. Chakula chao ni majani, magome, na zaidi ya yote machipukizi ya mianzi. Hapo mtaa mzima ukaangaliana. Miaka mingi nyuma, mzee mmoja aliyechoka kuonana na jirani yake alikuwa amepanda mianzi kwenye mpaka wa uwanja. Mzee alikufa, jirani akahama, mianzi ikabaki. Ilipasua sakafu za maegesho, ikainua njia za waenda kwa miguu, ikaota ndani ya bafu la mtu. Halmashauri ya mtaa ilikuwa imekutana kuijadili mara tisa. Gorila waliimaliza upande wa mashariki kwa wiki mbili, na watu waliokuwa hawajasalimiana tangu uchaguzi walianza kusimama uzioni jioni kuwatazama wakila.

Gorila hulala kwenye kiota kipya kila siku. Huko kwao walikunja matawi. Bladensburg walikunja walichokipata: mazulia ya mlangoni, mapazia ya kuogea, maturubai ya kufunika magari. Kila asubuhi kabla ya basi, Genoveva alizunguka jengo na daftari akihesabu viota, kwa kuwa hiyo ndiyo njia sahihi, imeandikwa kwenye mwongozo. Khalfan alimsindikiza. Ombi lake lilikuwa moja tu, kwamba wasilale kwenye maegesho ya walemavu, na Genoveva alipowaonesha alama ile ya buluu chini, walielewa haraka kuliko wapangaji.

Jumapili moja Bulungu alimfuata Nkatha kanisani. Lilikuwa kanisa la Wakenya, linakodi ukumbi wa shule, na lina utaratibu wake kwa wageni. Mhudumu alimpa Bulungu fomu na kalamu. Bulungu alikula fomu. Wakati wa matangazo Mchungaji Gitau aliwaomba wageni wasimame wajitambulishe na kusema wametoka wapi, nani amewaalika, na kama wameokoka. Bulungu, alipoona watu wawili wa mstari wa mbele wamesimama, naye akasimama. Akajipiga kifua mara nane. Vioo vya madirisha vikalia.

Kanisa likapiga makofi. Mchungaji alisema ndugu huyo inaonekana ana ushuhuda mzito, akamwombea safari njema ya makaratasi ya ukaazi.

Mwisho wa Julai, kadi zote ishirini na tatu zilikuwa na mwenyewe. Genoveva aliandika hivyo kwenye ripoti ya mwezi, akaipeleka kwa mkuu wake, Daktari Whitcombe, mwanamke mrefu mwenye sauti ya upole ambaye kwa miaka kumi na mmoja alimwita Jeneviva. Daktari aliisoma akiwa amesimama. Hakuuliza wamefikaje. Aliuliza kama wote ni wazima.

Genoveva alisema ni wazima.

"Basi idadi haijabadilika," alisema Daktari Whitcombe. "Hiyo ndiyo safu wanayosoma."

Genoveva akauliza ni akina nani wanaosoma. Lilikuwa swali la kawaida, na hata yeye alishangaa kwamba hakuwahi kuliuliza. Daktari akamweleza kwa utulivu, kama mtu anayemwonesha mgeni choo kilipo. Kulikuwa na kampuni ya kuchimba madini ya koltani kwenye mlima uleule wa Nyabiremu. Kampuni ndiyo iliyonunua kamera. Kila mwaka shirika liliipa kampuni cheti kinachosema kwamba gorila hawajapungua, kwa hiyo uchimbaji haujaudhuru msitu. Ikiwa ishirini na watatu wapo, mashine zinaendelea. Cheti kilikuwa na sahihi mbili. Ya pili ilikuwa ya mwenye kuwahesabu gorila.

Genoveva alikumbuka kweli kwamba kila Septemba alikuwa akiwekewa karatasi nzuri mezani, yenye mchoro wa jani pembeni, na alikuwa akitia sahihi kati ya chai na picha. Alikuwa ameiona kama shukrani. Mwaka mmoja aliipiga picha akaituma Bukoba kwa mama yake, na mama yake akaichapisha akaitundika sebuleni.

Siku ile hakunywa chai. Aliomba jambo moja, kwamba ripoti ya mwaka iongezwe sentensi: gorila wote wamehama Nyabiremu kwa sababu msitu umekwisha. Daktari alisema sentensi si mamlaka yake, ila mkutano wa bodi ulikuwa Septemba, na angempa dakika kumi.

Genoveva aliona dakika kumi hazimtoshi peke yake, anataka shahidi. Akamwandikia Papa Mushagalusa barua ya mwaliko kwa jina la shirika, akaiweka muhuri. Papa Mushagalusa alisafiri siku mbili kwenda kuomba viza, na suti ya kuazima. Jioni ile alipiga simu mwenyewe.

"Baliniuliza nini itanirudisha kwetu," alisema. "Nikawaambia niko na pori yangu ya kulinda. Baniambia niwaoneshe hiyo pori."

"Ukawaonesha?" Genoveva aliuliza.

"Sikuweza, Maman. Haiko." Akavuta pumzi. "Bulungu alipita?"

"Alipita."

"Bila suti?"

"Bila suti, Papa."

Papa Mushagalusa akacheka, kicheko kirefu kilichoishia na kukohoa, akasema suti ilikuwa inambana makwapani na anairudisha kesho.

Mkutano ulifanyika Oxon Hill, kwenye hoteli moja inayotazama mto Potomac. Genoveva alivaa kitenge alichoshonea ubatizo wa mpwa wake. Khalfan aliwapeleka na gari lake la vifaa vya ukarabati. Kaniki alikaa mbele na Bulungu nyuma pamoja na ndoo za rangi. Mapokezi walitafuta majina yao kwenye orodha, hawakuyaona, wakawaandikia vitambulisho vya mkono. Cha Bulungu waliandika "Mgeni".

Wajumbe wa bodi walikuwa tisa, pamoja na mwakilishi wa kampuni, bwana mmoja mwenye suti ya buluu na adabu nyingi. Alimvutia Kaniki kiti. Kaniki aliketi, akaweka mikono yake miwili juu ya meza, na mkutano ukaanza kwa kuthibitisha kumbukumbu za mkutano uliopita.

Ilipofika zamu yake Genoveva alipanga kadi mezani moja baada ya nyingine. Kadi ya tisa aliiweka mbele ya Kaniki, ili mwenye macho alinganishe. Kisha akaonesha picha ya mwisho aliyotumiwa na Papa Mushagalusa, mlima mwekundu usio na hata kijani kimoja, kama kidonda kilichobanduliwa gamba. Alikuwa ameandaa hotuba ya kurasa nne. Aliiacha kwenye mkoba.

"Nimewahesabu miaka kumi na mmoja," alisema. "Nilidhani nawahesabu ili wasifukuzwe. Kumbe nilikuwa nahesabu ili wafukuzwe kwa utaratibu."

Hakuna aliyebisha. Mjumbe mmoja alifuta miwani. Bwana wa suti ya buluu aliomba nafasi, akasema anakubaliana na kila neno, na kwamba kwa muda mrefu hajasikia maelezo yaliyo wazi namna hiyo. Akamshukuru Genoveva kwa jina, akalitamka sawasawa, wa kwanza katika jengo lile. Kisha akasema kwamba, kwa ushahidi huo, sasa hakuna gorila hata mmoja Nyabiremu anayeweza kusumbuliwa. Kizuizi kilichokuwa kimebaki cha kuchimba upande wa pili wa mlima kilikuwa ni gorila. Basi hakuna kizuizi.

Wakapiga kura. Walikubali wote tisa. Sentensi ya Genoveva nayo ilikubaliwa, baada ya kunyooshwa kidogo, ikaingia chini ya ukurasa wa arobaini kwa herufi ndogo: gorila wamepanua eneo lao la makazi. Mwenyekiti akaomba picha ya pamoja na Kaniki. Wakati huo Bulungu, aliyechoka kukaa, alikuwa amemaliza mianzi yote ya mapambo kule ukumbini, na kwa kuwa jua lilikuwa linashuka, akavuta vitambaa vya meza nane, akakunja kiota mlangoni, akalala. Wajumbe walimruka mmoja mmoja wakitoka, wakimwomba radhi.

Njiani kurudi Khalfan alizima redio. Walipovuka daraja aliongea, taratibu, macho yakiwa barabarani.

"Bi Genoveva, umesema. Wangapi hawasemi."

"Nimesema, Khalfan, nao wakashukuru," alijibu. "Afadhali wangenitukana."

Kwa wiki moja alishinda anaandika barua ya kuacha kazi. Aliiandika kwa Kiingereza, akaona haina hasira, akaiandika kwa Kiswahili, akaona hakuna wa kuisoma. Cheti kilipoletwa mezani alikataa kutia sahihi. Hakuna aliyemlazimisha. Cheti kilitoka Ijumaa ileile kikiwa na sahihi yake ya mwaka uliopita, iliyokuwa imehifadhiwa kwenye kompyuta, tena imekaa vizuri zaidi ya ile anayoandika kwa mkono.

Aliyemzuia na barua alikuwa Nkatha. Alimkuta jikoni anaitia kwenye bahasha, akavuta kiti, akavua viatu vya kazi.

"Ukitoka wewe, nani atawajua?" Nkatha aliuliza. "Mimi kusema ukweli nawajua wawili tu. Hao wengine kwangu ni gorila."

"Watamwajiri mwingine."

"Atawajua kwa namba. Hawa wazee ninaowaosha, Mama Geno, wengi watoto wao hawaji. Nikiwa off siku mbili, nikirudi nakuta ameandikwa jina la room yake. Room six amekula. Room six amelala." Akasugua unyayo wake. "Mtu anataka mmoja tu anayejua pua yake."

Genoveva akaitia bahasha kwenye droo ya vijiko, akapika ndizi na maharage, wakala.

Mwezi wa Februari, siku ya theluji nyepesi, Kaniki alizaa mtoto jike kwenye chumba cha kufulia, nyuma ya mashine za kukaushia penye joto. Nkatha ndiye aliyekuwapo. Alisema ulikuwa uzazi mwepesi kuliko mwingi aliouona, na mama hakumtukana mtu. Khalfan aliweka karatasi mlangoni kwamba mashine mbili hazitumiki kwa muda usiojulikana. Wapangaji wakaanza kufua kwa zamu bila kugombana.

Genoveva alimpigia Papa Mushagalusa simu ya video. Alitokea amevaa kofia ngumu ya manjano yenye nembo ya kampuni. Hifadhi ilikuwa imefungwa, na kampuni ilihitaji walinzi wanaoujua mlima, kwa hiyo alikuwa akilinda palepale alipolinda zamani, ila sasa geti la shimo. Genoveva alisogeza simu karibu na mtoto. Papa Mushagalusa alimwangalia muda mrefu, akavua kofia.

"Ana pua ya nyanya yake," alisema, na macho yake yakajaa. Kisha mtu akamwita kwa sauti, akavaa kofia, akasema lori limefika, lazima afungue.

Asubuhi iliyofuata Genoveva alifika ofisini saa mbili na nusu kumwandikisha mtoto. Daktari Whitcombe alikuwa ameshasikia, na alikuwa ameandika tangazo kwamba idadi ya gorila wa Nyabiremu imeongezeka kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja. Kampuni ilikuwa imetuma maua.

Genoveva alijaza jinsia, tarehe na jina la mama. Kwenye mahali pa kuzaliwa aliandika Bladensburg, na kompyuta ikakataa, ikaweka mstari mwekundu. Akaandika Maryland. Ikakataa. Ilikubali tu kuchagua kutoka kwenye orodha, na orodha ilikuwa na vituo kumi na viwili vya kamera, basi. Akajaribu kuacha nafasi wazi, ikamjulisha kwamba bila mahali pa kuzaliwa mtoto huyo hawezi kuhifadhiwa.

Alikaa akiangalia orodha mpaka harufu ya kahawa ikapanda kutoka chini. Mtoto alikuwa yupo, amemshika mwenyewe, ana uzito wa kilo mbili kasoro, anashika kidole kwa nguvu. Genoveva akachagua kituo cha kumi na mbili, kando ya kijito, ambacho wiki ile kilikuwa shimo la kwenda chini mita thelathini lenye maji ya rangi ya kutu.

Kompyuta ikakubali mara moja, ikamshukuru kwa taarifa sahihi.